Kugeuka Umbo na Kugeuzwa Moyo: Tafakari juu ya Sehemu ya Kwanza ya The Transformers

Jumamosi moja jioni mvua ilitufungia ndani, nikakaa na mwanangu wa miaka tisa tukaangalia katuni. Yeye ndiye aliyeichagua. Ilikuwa sehemu ya kwanza ya The Transformers, katuni ya Marekani iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 17 Septemba 1984, wakati mimi mwenyewe sijaanza darasa la kwanza. Inasimulia vita kati ya makundi mawili ya roboti, Autobot na Decepticon. Tulipofika karibu na katikati aliniuliza:

"Baba, hawa wamelala miaka milioni nne. Mbona wameamka na kuendelea kupigana? Hawakusahau?"

Nikamjibu upesi, kama wazazi tunavyojibu tusipotaka kukatizwa: "Hao ni roboti, mwanangu. Roboti hasahau."

Usiku ule jibu langu lilinisumbua. Ninaye kaka, tumezaliwa baba mmoja na mama mmoja, na wakati ule ulikuwa umetimia mwaka wa sita hatujazungumza kwa sababu ya shamba aliloacha marehemu baba. Mimi si roboti na kaka yangu si roboti. Kila mmoja wetu amebatizwa na kila Jumapili huenda ibadani, yeye kwake na mimi kwangu. Lakini kila asubuhi tulikuwa tukiamka na ugomvi uleule tuliolala nao. Kwa hiyo nilirudi kuitazama sehemu ile peke yangu, mara mbili, nikiwa na Biblia mezani. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyoyaona.

Kabla sijaendelea, niseme neno kwa wazazi wenzangu. Katika makanisa yetu zipo tabia mbili kuhusu katuni. Wapo wanaozikataa zote wakisema ni kazi ya yule mwovu, na wapo wanaowasha televisheni iwalee watoto huku wao wakiendelea na shughuli. Hawa wanaonekana kupingana, lakini wanafanana kwa jambo moja: hakuna aliyekaa chini akatazama. Mtume Paulo aliwaagiza Wathesalonike wayapime mambo yote na kulishika lililo jema (1 Wathesalonike 5:21). Huwezi kupima kitu usichokitazama.

Hadithi yenyewe

Sehemu hii ni ya kwanza kati ya tatu zilizoandikwa na George Arthur Bloom na kuonyeshwa siku tatu mfululizo. Jina la sehemu zote tatu ni More Than Meets the Eye, maana yake kwamba lililopo ni zaidi ya lile jicho linaloliona.

Inaanzia kwenye sayari ya Cybertron, ambako viumbe wote ni mashine zenye akili. Msimulizi anatueleza kwamba Autobot ni wapenda amani na Decepticon ni waovu wenye shabaha moja, kutawala kila kitu. Vita vyao vimedumu muda mrefu hadi sayari imekaukiwa na nishati. Picha za mwanzo zinawaonyesha Autobot wawili, Wheeljack na Bumblebee, wakihangaika kukusanya nishati kidogo iliyobaki, na adui akiwashambulia wakiwa njiani. Kiongozi wao, Optimus Prime, anaamua waondoke na chombo cha angani kwenda kutafuta nishati kwingine. Wapenzi wa hadithi hizi hukiita chombo hicho Ark, yaani Safina. Megatron, kiongozi wa Decepticon, anawafuata na kuwavamia humo humo ndani. Wakiwa wanapigana, chombo kinavutwa na dunia yetu na kugonga mlima wa volkano. Wote wanazimika.

Miaka milioni nne inapita. Mwaka 1984 volkano inalipuka, na mtikisiko unaiamsha kompyuta ya chombo iitwayo Teletraan I. Kompyuta inatuma kifaa kuzunguka na kupiga picha za mashine za dunia hii, kisha inaanza kuwatengeneza roboti walioharibika na kuwapa maumbo mapya: magari, ndege, vifaa. Decepticon wanaamka kwanza, wanatoka na kuanza kupora nishati. Autobot wanaamka baadaye na kuwakabili. Mapambano yanafika kwenye mtambo wa kuchimba mafuta baharini, ambako kijana Spike Witwicky anafanya kazi na baba yake, Sparkplug. Sehemu inakatika kabla mambo hayajatulia, ili mtoto arudi kesho.

Mtazamaji wa Marekani wa mwaka ule hakuhitaji kuelezwa uchungu wa kukosa nishati. Misukosuko ya mafuta ya mwaka 1973 na 1979 ilikuwa bado kwenye kumbukumbu, na watu walikuwa wamepanga foleni ndefu kwenye vituo vya mafuta. Mwandishi alichukua hofu ya wazazi akaiweka kwenye hadithi ya watoto. Hapo hadithi inasema kweli. Yakobo anauliza vita na magomvi vinatoka wapi kati yetu, naye anajibu kwamba vinatoka katika tamaa zinazoshindana ndani yetu: tunataka, hatupati, tunaua (Yakobo 4:1-2). Cybertron ni sayari iliyofika mwisho wa njia hiyo. Wamepigania nishati hadi vita vyenyewe vimeila nishati.

Mwale usiobagua

Jambo la kwanza lililonisimamisha ni namna roboti wanavyoamshwa. Kompyuta ya Teletraan I ni ya chombo cha Autobot. Tungetegemea iwatengeneze wenye chombo kwanza. Sivyo. Mwale wake unamwangukia Skywarp, ambaye ni Decepticon, kwa sababu tu yeye ndiye aliyelala mahali mwale ulipoelekea. Anainuka akiwa mzima, anawavuta wenzake kwenye mwale, nao wanainuka. Optimus Prime na watu wake bado wamelala chini kama vyuma chakavu.

Nilipokuwa kijana jambo hilo lingeniudhi. Sasa linanikumbusha Mathayo 5:45, kwamba Baba yetu huwaangazia jua lake waovu na wema, na mvua yake huwanyeshea wenye haki na wasio haki. Waandishi wa katuni hawakukusudia kufundisha hilo. Walihitaji tu adui atoke kwanza ili hadithi iende. Lakini picha iliyobaki mbele ya macho yetu ni ya neema isiyouliza alama iliyo kifuani mwako. Kila anayelalamika kwamba jirani yake mkorofi amevuna vizuri kuliko yeye angefaa kuitazama dakika ile.

Linalofuata ni kubwa zaidi. Decepticon wameshatoka nje na wanaondoka. Starscream, yule msaidizi wa Megatron mwenye wivu na majivuno, hatosheki. Anaufyatulia risasi mlima ili awafukie Autobot moja kwa moja. Hakuna aliyemwagiza. Ni ubaya wa ziada, wa kumpiga mtu aliyekwisha kuanguka. Na mtikisiko wa risasi ile ndio unaomsogeza Optimus Prime hadi kwenye mwale. Anatengenezwa, anainuka, anawaamsha wenzake. Kama Starscream angejizuia na kwenda zake, pengine wangelala milioni nyingine nne.

Msomaji wa Biblia hawezi kuiona picha hiyo asimkumbuke Yusufu akiwaambia ndugu zake kwamba wao walikusudia mabaya, lakini Mungu aliyakusudia yawe mema (Mwanzo 50:20). Tusiseme kwamba katuni inamhubiri Mungu. Hamna Mungu ndani yake. Mna kompyuta, volkano na bahati. Lakini hata hadithi isiyomtaja Mungu inajua kwamba uovu huzidisha kipimo, na kwamba mara nyingi unaanguka kwa sababu ya lile pigo moja ambalo haukuhitaji kulipiga. Hadithi nzima ya mfululizo huu inasimama juu ya risasi hiyo moja.

Umbo jipya, vita vilevile

Sasa nirudi kwenye swali la mwanangu, maana hapo ndipo sehemu hii inaposhindwa, na kushindwa kwake kunatufundisha kuliko mafanikio yake.

Hebu fikiria wamepewa nini. Wameondolewa kwenye sayari iliyokauka na kuletwa kwenye dunia yenye mito, upepo, jua na mafuta. Wamepumzishwa miaka milioni nne. Wamepewa miili mipya kabisa. Optimus Prime sasa anaweza kuwa lori kubwa la kuvuta trela, Bumblebee ni gari dogo la Volkswagen, Ratchet ni gari la wagonjwa. Starscream ni ndege ya kivita, Soundwave ni redio ndogo ya kaseti, Megatron ni bastola. Ni nani kati yetu hajawahi kuomba nafasi kama hiyo? Mahali papya, mwili mpya, mwanzo mpya. Tunahama mkoa, tunabadili kazi, tunabadili hata kanisa, tukiamini kwamba huko mbele tutakuwa watu wengine.

Na roboti hawa wanafanya nini na mwanzo wao mpya? Kabla siku haijaisha wameshaanza palepale walipoishia. Hakuna hata mmoja, wa upande wowote, anayesimama mlangoni mwa chombo na kuuliza: kwani tulikuwa tunagombania nini? Decepticon hawaangalii dunia iliyojaa nishati wakasema, sasa ipo ya kututosha sote. Autobot hawatumi mjumbe. Wanatuma wapelelezi, Hound na Cliffjumper, na Cliffjumper akimwona Megatron kwa mbali anashindwa kujizuia, anafyatua, anakosa, na kinachofuata ni mwenzake kuporomoka bondeni. Hata upande wa wema umeamka kidole kikiwa tayari kwenye risasi.

Wimbo wa katuni hii na matangazo yake vinasifu kugeuka. Lakini kugeuka kunakosifiwa ni kwa nje. Gari linakuwa roboti, roboti anakuwa gari, na aliye ndani ni yuleyule. Mtume Paulo naye anatuita tugeuke. Katika Warumi 12:2 anasema tusiifuatishe namna ya dunia hii, bali tugeuzwe kwa nia zetu kufanywa upya. Angalia mahali anapoweka mkazo: kwenye nia. Na angalia pia kwamba hasemi tujigeuze. Anasema tugeuzwe, kwa sababu kazi hiyo si ya viungo vyetu wenyewe. Roboti anaweza kujigeuza mara mia kwa siku na jioni akawa adui yuleyule wa asubuhi. Mtume huyohuyo anatuonya kwamba Shetani naye hujigeuza, akajifanya kama malaika wa nuru (2 Wakorintho 11:14). Kwa hiyo kubadili umbo si dalili ya lolote. Mbwa mwitu naye hubadili ngozi.

Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa kuu la sehemu hii kama hadithi ya watoto, na ndilo somo lake kuu kwa watu wazima. Muda hauponyi. Usingizi hauponyi. Hata mwili mpya hauponyi. Miaka milioni nne haikupunguza chuki ya Megatron hata chembe, kwa sababu hakuna aliyeigusa. Ilikuwa imezimwa tu.

Alama kifuani

Kwa nini hadithi haikuweza kuuliza swali la mtoto? Jibu lipo nje ya hadithi, kwenye biashara iliyoizaa, na ni vizuri wazazi walijue.

The Transformers haikuanza kama hadithi. Ilianza kama vitu vya kuchezea. Kampuni ya Hasbro ya Marekani ilichukua midoli ya kampuni ya Takara ya Japani, iliyokuwa ikiuzwa huko kwa majina ya Diaclone na Microman, ikaipa majina mapya na hadithi mpya. Ikashirikiana na Marvel na Sunbow kutengeneza katuni, na kazi ya kuchora ikafanywa na Toei ya Japani. Mwaka huohuo wa 1984 Tume ya Mawasiliano ya Marekani iliondoa kikomo cha muda wa matangazo ya biashara kwenye televisheni, na katuni zilizotengenezwa ili kuuza midoli zikajaa. Bunge la nchi hiyo lilirudisha mipaka kwa vipindi vya watoto kwa sheria ya mwaka 1990.

Sasa sikiliza jambo hili. Katika Diaclone, roboti hawakuwa viumbe wenye nafsi. Walikuwa mashine zilizoendeshwa na watu wadogo waliokaa ndani. Na mdoli uliokuja kuwa Optimus Prime na ule uliokuja kuwa Starscream vilikuwa upande mmoja. Walikuwa wenzi. Ili kuuza Marekani ilionekana inafaa wagawanywe, huyu abandikwe alama nyekundu ya Autobot na yule alama ya zambarau ya Decepticon. Uadui wao wa miaka mamilioni ulikuwa stika iliyobandikwa na kampuni. Kuanzia mwaka 1985 midoli ikawekewa alama ndogo nyeusi ambayo mtoto huisugua kwa kidole, na joto la kidole linaifunua: huyu ni wa kwetu, huyu ni adui.

Sisemi haya ili niwacheke Wamarekani. Nilipoyafahamu nilijiuliza ni alama ngapi mimi mwenyewe nimebandika juu ya watu waliotoka kiwanda kimoja na mimi. Sote tumeumbwa kwa mfano wa Mungu mmoja (Mwanzo 1:27). Kisha tunapeana alama: kabila hili na lile, kwaya hii na ile, waliomuunga mkono mchungaji na waliompinga, watoto wa mama mkubwa na watoto wa mama mdogo. Watoto wetu wanakuta alama zimeshabandikwa, na wao husugua tu kwa kidole wajue wamchukie nani.

Msimulizi wa katuni anatuambia Decepticon ni waovu, basi. Ni wabaya kwa aina yao. Sehemu za baadaye, za mwaka 1986, zinajaribu kueleza kwamba waliundwa kwa ajili ya vita ilhali Autobot waliundwa kwa ajili ya kazi, na maelezo hayo yanazidisha tatizo, kwa sababu sasa uovu wao ni wa kiwandani. Kiumbe aliyetengenezwa kuwa mwovu huwezi kumwita atubu. Unachoweza ni kumshinda, na wiki ijayo kumshinda tena, na mfululizo huu ulimshinda hivyo katika sehemu 98 hadi mwaka 1987. Biblia haituruhusu faraja hiyo rahisi. Bwana Yesu anasema mabaya yanatoka moyoni mwa mtu (Marko 7:21), na Paulo anasema wote wamefanya dhambi (Warumi 3:23). Mpaka kati ya Autobot na Decepticon, kama upo, haupiti kati ya kaka yangu na mimi. Unapita ndani yangu.

Nguvu iliyo pole

Nisiwe mkali kupita haki. Kuna jambo moja katika sehemu hii ambalo ni jema kabisa, nalo ni Optimus Prime mwenyewe, hasa sauti yake.

Aliyemwigiza ni Peter Cullen, mzaliwa wa Canada. Ameeleza mara nyingi kwamba siku alipokwenda kujaribiwa kwa ajili ya kazi hiyo alizungumza na kaka yake Larry, aliyekuwa askari wa wanamaji wa Marekani na kupigana Vietnam. Alipomwambia kwamba anakwenda kuigiza shujaa, kaka yake alimshauri asiwe shujaa wa kupiga kelele na kujionyesha. Mwenye nguvu kweli anaweza kuwa mpole. Cullen aliingia chumbani akaongea kwa sauti ya kaka yake.

Ndiyo maana Optimus Prime hafokeanishi na Megatron. Megatron anayeigizwa na Frank Welker anakwaruza na kuunguruma, Starscream anapiga kelele za kukera, na kati yao hakuna amani: msaidizi anamtamani bosi wake aanguke. Bwana wetu alisema ufalme uliofitinika juu ya nafsi yake hausimami (Mathayo 12:25), na katuni hii ililionyesha hilo vizuri. Lakini Prime anaongea polepole, anasikiliza, na wenzake wanamfuata bila kuogopa. Pale kwenye mtambo wa mafuta inaonekana tofauti halisi ya makundi haya mawili. Waswahili husema wapiganapo tembo nyasi huumia, na wafanyakazi wale wa baharini ndio nyasi. Decepticon wanajaza visanduku vyao vinavyong'aa kana kwamba watu hawapo. Autobot wanawaona watu. Spike na baba yake wanaokolewa, na baadaye wanakuwa rafiki zao.

Hapo alama kifuani haihitajiki tena. Tumepewa kipimo cha Bwana mwenyewe, kwamba kwa matunda yao mtawatambua (Mathayo 7:16). Anayesimamisha vita vyake ili amtoe mtu majini ni mwema, hata kama ana umbo la lori.

Na upole huo si udhaifu. Biblia inamtaja Musa kuwa mpole kuliko watu wote (Hesabu 12:3), Musa yuleyule aliyesimama mbele ya Farao. Bwana Yesu alipotaja tabia yake mwenyewe, alisema ni mpole na mnyenyekevu wa moyo (Mathayo 11:29). Watoto wetu wa kiume wanahitaji kuisikia sauti hiyo, kwa sababu mitaani wanafundishwa kwamba mwanaume ni yule anayefoka. Inanigusa pia kwamba upole wa shujaa huyu ulitoka kwa kaka mkubwa, kwenda kwa mdogo wake, katika mazungumzo ya kawaida. Mimi kwa miaka sita nilijinyima mazungumzo kama hayo.

Tuwafundishe nini watoto

Je, watoto wetu waitazame? Kwa upande wangu nasema ndiyo, lakini wasiitazame peke yao. Ni hadithi iliyosukwa vizuri. Wema wa Prime ni wa kweli, na ile risasi ya Starscream ni mfano ambao mwalimu wa shule ya Jumapili anaweza kuutumia kesho. Waambie pia kwamba ilitengenezwa ili waombe kununuliwa midoli. Watoto wanaelewa hilo upesi kuliko tunavyodhani. Kisha waulize swali ambalo hadithi haikuliuliza: mngekuwa ninyi, mkiamka kwenye nchi mpya yenye kutosha watu wote, mngefanya nini kwanza?

Nilimuuliza mwanangu. Alifikiri, akasema, "Ningemuuliza Megatron anataka nini." Nikamwambia Megatron angempiga risasi. Akasema, "Labda. Lakini hakuna aliyemuuliza."

Juma lile nilimpigia kaka yangu. Simu iliita hadi ikakatika. Kesho yake alipiga yeye. Tuliulizana habari za watoto, za mvua, za goti lake linalomsumbua. Shamba hatukuligusa. Tumezungumza mara kadhaa tangu hapo, na mara moja tulipolitaja sauti zetu zilianza kupanda, tukanyamaza, akasema tuliache kwa siku ile. Hatujamaliza. Sitaki nimdanganye msomaji kwamba simu moja inafuta miaka sita, na kisheria sioni bado tutagawanaje. Lakini wakati ule tulioacha sauti zikashuka, nilijua kuna kitu kilichokuwa kikifanyika ndani yangu ambacho sikukifanya mimi.

Nilirudi kwa mwanangu nikamwambia kwamba siku ile ya mvua nilimjibu vibaya. Si kweli kwamba wanapigana tena kwa sababu ni roboti. Watu nao huamka hivyohivyo, hata walale miaka mingapi, na Baba yake ni mmoja wao. Nikamweleza kwamba ndiyo sababu kila jioni tunaposali tunaomba kusamehewa makosa yetu na kuwasamehe waliotukosea, kabla hatujazima taa.